Mchele, Mto na Panya: Kutoka Kabambare hadi Kibombo

Kabambare

Niliingia Kabambare mwezi wa Julai, kiangazi kikiwa kimekaza. Nyasi za vilimani zilikuwa zimeshachomwa moto, na kijani kilibaki mabondeni tu, kandokando ya vijito vinavyotafuta njia ya kwenda mto Luama. Mtu wa pwani kama mimi huvuka Ziwa Tanganyika akidhani ameaga lugha yake. Kisha anafika hapa, kusini mwa Maniema, na bibi wa Kibangubangu anayeuza muhogo sokoni anamuuliza habari za nyumbani na za safari, naye anajibu bila mkalimani.

Lugha hii ilipita njia ileile niliyopita. Misafara ya Waungwana iliondoka Ujiji, ikavuka ziwa kwa mashua za matanga, ikashuka Mtowa, ikapanda milima na kupumzika Kabambare kabla ya kuendelea Kasongo na Nyangwe. Msafiri Mskoti David Livingstone alifika hapa Septemba 1869. Toka Julai 1870 hadi Februari 1871 alikwama hapa, kwa sehemu kwa sababu ya vidonda vya miguu vilivyokataa kupona, na baadaye karatasi zikamwishia. Alipofika Nyangwe aliandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu la London kwa wino wa mmea, na wino ule ukafifia kiasi kwamba maandishi yake hayakusomeka vizuri tena hadi wataalamu wa picha walipoyaibua mwaka 2011.

Nilikuwa nikiwaza habari za karatasi hizo usiku wa kwanza mwenyeji wangu, mama wa makamo, aliponionyesha mahali pa kulala.

"Baba, viatu weka juu," aliniambia. "Na kile kitabu yako pia. Huku chini kuko panya."

Kisha akanionyesha mchele wake. Gunia lilikuwa limening'inizwa kwenye boriti kwa kamba ndefu, na katikati ya kamba alikuwa amepitisha kifuniko cha sufuria kilichotobolewa tundu. Panya akiteremka kwa ile kamba anafika juu ya kifuniko, kifuniko kinainama, anateleza na kuanguka chini mikono mitupu. Sahani za chuma za namna hiyo nimeziona Dar es Salaam na Mombasa, zimefungwa kwenye kamba za meli kubwa zinapokuwa gatini. Bandarini zinatakiwa na wakaguzi wa afya, na hapa mama alitoboa kifuniko kwa msumari. Kazi ni moja.

Chakula cha usiku kilikuwa bugali wa muhogo na sombe. Majani ya muhogo yalitwangwa mpaka yakalainika kabisa, yakapikwa kwa mawese mekundu, pamoja na samaki wa kukaushwa. Wali ulipikwa asubuhi kwa heshima ya mgeni. Ulikuwa mchele wa hapahapa, mfupi na mzito, wenye harufu ya moshi kidogo, nami naupenda kuliko mchele mweupe wa dukani.

Njiani

Njia ya kwenda Kasongo ni udongo mwekundu unaopanda na kushuka, na madaraja yake mengi ni magogo yaliyolazwa. Vijana wanasukuma baiskeli zilizobebeshwa magunia mpaka mwenye baiskeli haonekani. Wengine wanakwenda upande wa Salamabila na Namoya, kwenye dhahabu, na wengine wanateremka Kasongo na mchele, karanga na mawese. Kila panapopanda wanaungana wawili wawili kusukumana, na hakuna anayeachwa peke yake kwenye kilima.

Kando ya njia watoto hunyanyua simbiliki, yaani ndezi, waliokaushwa kwa moshi ili wasafiri wanunue. Nyama ya simbiliki na ya panya wakubwa wa porini inapendwa sana nchi hii, isipokuwa nyumba za Waislamu. Panya wa nyumbani haliwi na yeyote niliyemuuliza. Huyo ni adui, na maneno wanayomtajia nitayaacha hukohuko.

Tulilala kijiji kimoja ambako kila ghala limesimama juu ya miguu ya miti. Mzee wa kijiji alinieleza kwamba miguu ikiwa mifupi ni bure, kwa sababu panya anaruka. Hata ikiwa mirefu anaipanda, kama haikuvishwa bati. Bati hakuna, kwa hiyo wanapaka majivu na kuomba Mungu.

Kasongo

Kasongo unaisikia kabla ya kuiona. Adhana ya alasiri ilitukuta bado tuko mbali, ikapokewa na msikiti wa pili, kisha wa tatu. Wanaume wanatembea kwa kanzu na kofia, wanawake kwa vitenge, na kwenye baraza watu wanakaribishana kahawa. Sehemu kubwa ya wakazi ni Waislamu, jambo lisilo la kawaida Kongo, na asili yake ni historia isiyosemeka kwa wepesi.

Huu ulikuwa mji wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara aliyejulikana kama Tippu Tip. Mwaka 1876 msafiri Stanley alimkuta nchi hii, wakapatana kuteremka mto pamoja. Tippu Tip alipoondoka, mwanawe Sefu akabaki kutawala, mpaka jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji chini ya kamanda Dhanis lilipouteka mji tarehe 22 Aprili 1893. Kabambare ilianguka Januari 1894. Pembe za ndovu zilizopita hapa zilibebwa na watu, na watu wengi kati ya hao walikuwa watumwa. Wazee wa Kasongo hawaruki sehemu hiyo. Mmoja aliniambia kwamba babu wa mamake aliletwa mjini amefungwa kamba, na babu wa babake ndiye aliyeshika kamba. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, huku akinimiminia kahawa.

Mji wa zamani wenyewe uko Tongoni, nje ya mji wa sasa. Ni pahali pa miembe mikubwa, na kimya. Wanaakiolojia wamechimba pale, na makala yao ilitoka katika jarida la Antiquity mwaka 2020. Kwa macho ya mpita njia hakuna mengi: matuta ya udongo palipokuwa na kuta, na kivuli.

Nilikaa chini ya kivuli hicho na mwalimu wa madrasa aliyenipeleka, nikamsimulia jambo nililosoma kuhusu Unguja Ukuu. Kule Zanzibar, katika tabaka za udongo za tangu karne ya 7 na kuendelea, watafiti wameokota mifupa ya panya mweusi, yule wa melini. Si mnyama wa asili ya Afrika. Alitoka Asia kwa vyombo vya biashara, akashuka pwani yetu pamoja na shehena. Na mpunga nao si wa asili ya Maniema. Waliouleta huku ni watu wa misafara, na Wabelgiji walipoushika utawala wakawalazimisha wanavijiji walime zaidi. Mimi naamini panya alikuja na mpunga huo, gunia kwa gunia, kituo kwa kituo, toka majahazi ya Unguja mpaka mashua za Ujiji mpaka ghala la mama yule wa Kabambare.

Mwalimu aliwaza kidogo, kisha akanikumbusha kwamba panya ni miongoni mwa wanyama watano ambao Mtume, rehema na amani zimfikie, aliruhusu wauawe hata ndani ya Haram. Akaongeza mafundisho mengine: taa izimwe watu wanapolala, kwa kuwa panya huweza kuuburuta utambi na kuwaunguza wenye nyumba.

"Wewe unaenda na mashua," alisema. "Mule muko petroli. Hiyo ya taa usiisahau."

Bandarini

Mji wa Kasongo hauko ukingoni mwa mto. Bandari yake, Kasongo-Rive, ni mteremko wa udongo uliokanyagwa mpaka ukawa mgumu, maghala machache ya bati na tofali, na Lualaba mbele yake, pana, ya rangi ya chai. Juu, upande wa Kongolo, mto unabanwa na miamba ya Milango ya Jehanamu, na hakuna chombo kinachopita. Toka Kasongo kuteremka mpaka Kibombo maji yako wazi. Baada ya hapo maporomoko yanaanza tena, na mzigo unapanda reli kwenda Kindu.

Mashua yetu ilikuwa ya mbao, ndefu, tumbo pana, imekalafatiwa kwa matambara na lami. Ilikuwa na mashine ndogo nyuma, pondo mbili ndefu, na kitu ambacho sikutarajia kukiona kwenye mto huu: mlingoti mfupi na tanga la turubai. Nahodha alikulia Kalemie, kwenye ziwa, ambako alijifunza kazi kwa mjomba wake. Petroli ni ghali, alisema, na upepo wa kiangazi ni wa bure.

Alipokunjua tanga alionyesha matundu. Yalikuwa mengi, yamepangana kwa mstari. Panya alikuwa ametoboa turubai likiwa limekunjwa, kwa hiyo tundu moja lilipita mikunjo yote. Ndani ya mkunjo wa mwisho kulikuwa na kiota cha nyuzi za gunia, pumba na vipande vya karatasi. Meno ya panya hayaachi kuota, na lazima ayasage kwa kitu fulani. Akikosa gunia anatafuna kamba, na akichoka na kamba anakwenda kwenye mpira wa petroli.

Kazi ya kupakia ilichukua siku nzima, na nahodha aliifanya kwa namna niliyotamani wenye maghala wangekuja kuitazama. Hakuna gunia lililoingia moja kwa moja. Kila moja lililazwa mchangani, likapigwa kwa fimbo pande zote, likageuzwa, likapigwa tena. Kijana mmoja alikagua mshono kwa vidole akitafuta mavi ya panya na nyuzi zilizokatwa, akinusa mkojo. Magunia yaliyotiliwa shaka yalifunguliwa na kumiminwa juu ya turubai. Katika mojawapo alitoka jike na watoto wake, wekundu, macho hayajafunguka. Mimba ya panya ni kama majuma matatu tu, kwa hiyo gunia lile lingefika Kibombo na ukoo mzima.

"Panya hatokake majini," nahodha aliniambia. "Anatokaka mu magunia. Na magunia yanatoka kule." Alinyoosha fimbo kwenye ghala moja nyuma yetu, la kukodi, ambalo sakafu yake ilikuwa ardhi tupu na mlango wake ulikuwa na mwanya wa vidole viwili chini. Panya mkubwa hahitaji zaidi ya hapo.

Nilimuuliza kuhusu sumu. Alikataa kabisa. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani huua polepole, kwa siku kadhaa, na panya akishaila hujificha. Atafia chini ya mbao, katikati ya mchele, mahali ambapo huwezi kumfikia mpaka mzigo wote ushushwe. Tena kuna kuku, mbuzi na watoto mashuani. Paka alikuwepo, wa rangi ya majivu, na alikula samaki pamoja nasi. Nahodha alisema anasaidia kwa watoto wa panya. Kwa panya mkubwa aliyekwisha kujua mashua, paka hafui dafu.

Mtoni

Tuliondoka alfajiri. Lualaba wakati wa kiangazi imepungua, na mafungu ya mchanga yametokeza kila mahali, meupe, yamejaa ndege. Kijana wa mbele anapima kina kwa upondo na kuimba namba, na nahodha anapinda kushoto au kulia bila kujibu. Mitumbwi ya Wagenya inapita karibu nasi imesimamiwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, wanapiga kafi wima bila kuyumba. Ni watu wa mto tangu zamani. Livingstone aliwabembeleza wampe mitumbwi avuke, na hakuipata. Msafiri Mwingereza Cameron alishindwa vilevile mwaka 1874. Aliyetaka kwenda kwenye mto huu ilimbidi apatane nao, au aje na chombo chake, kama Stanley alivyokuja na mashua yake ya kuunganishwa vipandevipande.

Alasiri upepo uliinuka, vijana wakatweka lile tanga lenye matundu, mashine ikazimwa. Kwa mara ya kwanza niliusikia mto wenyewe. Mama mmoja alianza kupika wali juu ya jiko la makaa lililowekwa ndani ya sufuria ya mchanga, na harufu ya mawese ikaenea mashua nzima.

Chini ya magunia kulikuwa na mbao zilizoinuliwa kutoka kwenye ngama, ili maji yanayovuja yasiguse mchele. Hapo kati ya mbao na ngama ndipo panya hukaa. Kazi ya kufua maji ilikuwa ya mvulana aliyeingia mle peku, kopo mkononi. Nilimwambia nahodha habari za homa ya mgunda, ambayo mwaka 2022 iliua watu 3 Ruangwa, mkoani Lindi. Vimelea vyake hutoka katika mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, vikaingia mwilini kupitia mchubuko mtu anapokanyaga maji machafu. Nahodha hakulijua jina la ugonjwa, lakini homa yenyewe aliitambua: macho mekundu, vigimbi vya miguu vinauma, mtu anageuka manjano. Alinyamaza, kisha akavua mabuti yake ya mpira na kumpa mvulana. Yalikuwa makubwa kupita kiasi. Mvulana aliyajaza matambara akarudi kazini.

Usiku hatukulala ukingoni. Nahodha alitia nanga kwenye fungu la mchanga katikati ya mto, mbali na vijiji na maghala yao, na ubao wa kupandia ukavutwa ndani. Kamba iliyobaki nchi kavu ilipitishwa kwenye nusu ya dumu la plastiki, mdomo ukielekea nchi kavu. Panya anaogelea vizuri, lakini kupanda ubavu wa mashua uliopakwa lami na mafuta ni kazi nyingine. Taa zilizimwa zote.

Kwa wale waliokwisha kuwemo ndani kulikuwa na ndoo. Nusu yake ni maji. Juu yake ulilazwa waya, na kwenye waya kopo la maziwa lililotobolewa ncha zote mbili ili lizunguke kwa urahisi. Kopo lilipakwa mawese na kubandikwa punje za karanga. Kijiti kiliegemezwa kutoka sakafuni hadi ukingo wa ndoo, na magunia ya karibu yakasogezwa ili njia iwe hiyo tu. Nahodha aliiacha ndoo hiyo siku nzima bila maji kabla ya kuitegesha, kwa sababu panya huogopa kitu kipya. Kwanza anapewa karanga za bure mpaka azoee.

Nilikuwa macho alipokuja. Mbalamwezi ilitosha. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomdhania, masikio makubwa, mkia mrefu kupita kiwiliwili chake. Alipanda kijiti, akasimama ukingoni, akanyoosha shingo kunusa. Aliweka mguu mmoja kwenye kopo na kuurudisha. Akauweka tena. Kisha akajipa moyo na kuruka, kopo likazunguka, na nikasikia maji. Kabla ya alfajiri kopo lilizunguka tena mara kadhaa, na asubuhi mvulana alimwaga ndoo mtoni, akaisugua kwa mchanga, akanawa mikono kwa sabuni bila kuambiwa.

Nyangwe

Tulifika Nyangwe siku ya soko, na niliomba tukae. Ni kijiji kidogo leo, juu ya ukingo wa kulia. Wanawake wanashuka kutoka kwenye mitumbwi na vikapu vya samaki, mihogo, vyungu na ndizi, kama walivyoshuka tarehe 15 Julai 1871, watu waliopata 1,500 kwa hesabu ya Livingstone. Siku ile watu wa wafanyabiashara Waarabu walifyatua bunduki katikati ya soko. Wengine walipigwa risasi, wengine walizama wakikimbilia mitumbwi. Makisio ya Waarabu wenyewe yalikuwa kati ya watu 330 na 400. Livingstone aliondoka siku chache baadaye, akarudi Ujiji, na taarifa yake ilisaidia kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Nilinunua samaki wa kukaushwa kwa bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka. Sikumuuliza chochote kuhusu siku ile. Aliniongezea samaki mmoja juu, akasema mgeni asiondoke Nyangwe na mkono mtupu.

Kibombo

Kibombo tulishusha mzigo. Magunia yalihesabiwa mbele ya mnunuzi, yakapimwa, na hakuna hata moja lililokataliwa. Mashua iliyofunga kando yetu, iliyopakia kutoka maghala yaleyale, ilishusha magunia yenye midomo wazi, na mchele ukimwagika ngazini. Kijana alifagia ule uliochanganyika na mavi, akautia kwenye gunia lingine kwa ajili ya kuku. Mwenye mzigo alisimama akitazama, hakusema neno. Ule ulikuwa msimu mzima wa mtu fulani huko Kabambare, umesukumwa kwa baiskeli vilima vyote vile.

Niliandika haya ili watu wa pwani na wa Tanganyika waijue nchi hii, wale wali wake na waisikie adhana ya Kasongo. Lakini nina ombi kwa wenye maghala wa Kasongo-Rive na wafanyabiashara wa Kindu wanaonunua mchele huu. Inueni sakafu za maghala yenu mita moja kutoka ardhini, kila mguu uvisheni mkanda wa bati laini, zibeni mianya ya milango, na mpige kila gunia fimbo kabla halijaingia. Nahodha mmoja anaweza kuyafanya hayo kwenye mashua yake, lakini anapoanza kazi panya ameshalala ndani ya gunia majuma kadhaa. Na wavulana wanaofua maji kwenye ngama wanunulieni mabuti yanayowatosha.